Mke Alipomwita Mumewe Jina la Mwanaume Mwingine

Mpenzi msomaji, vuta kiti nikupe umbea. Ni wa siku nyingi, lakini umbea mzuri hauchachi.

Mume ni daktari. Jioni hiyo yuko nyumbani, amezama kwenye kiti chake, ameshaanza kupiga miayo. Mara kengele ya mlango inalia. Anaingia shoga wa mkewe, analia kwa kwikwi, mume wake hajaonekana nyumbani siku mbili. Mwenye nyumba anamkalisha, anamtuliza, anampa kitu cha kunywa. Kisha, kwa upole kabisa, anamuuliza kama angependa James aende zake kulala ili wao wanawake wabaki wanaongea.

Sasa shika hapo. Mume wake haitwi James. Anaitwa John.

Jamani! Na hakuna aliyeshtuka. Mume hakukohoa, mgeni hakuinua macho, mambo yakaendelea kama kawaida. Ingekuwa ni kwako, mkeo anakuita James mbele ya wageni wakati kitambulisho chako kinasema John, usiku huo kungelalika?

Huyo daktari, pengine umeshamgundua, ni Watson, swahiba wa mpelelezi Sherlock Holmes, na kisa hicho kilitoka kwenye jarida la Strand la London mwezi Desemba 1891. Hakuna James yeyote aliyejificha uvunguni. Mwandishi, Arthur Conan Doyle, alisahau tu jina la mtu wake mwenyewe. Jarida lilitaka hadithi mpya kila mwezi, kuanzia Julai 1891 mpaka Juni mwaka uliofuata, na mtu akiandika kwa mwendo huo lazima kitu kidondoke njiani. Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika kitabu cha kwanza, cha 1887, Watson alipigwa risasi ya bega vitani Afghanistan. Ilipofika 1890, jeraha lilikuwa limeshateremka mguuni. Risasi imetembea, bwana, na mgonjwa mwenyewe ni daktari!

Lakini habari hii sikuileta kwa ajili ya Doyle. Nimeileta kwa ajili ya wale waliomuona.

Mwaka 1911, kijana mmoja wa Oxford, Ronald Knox, ambaye baadaye alikuja kuwa padri, alisimama mbele ya wenzake akasoma mada nzima kuhusu hadithi za Holmes, akizichambua tarehe kwa tarehe na kuonyesha zinavyogongana, kwa uzito uleule ambao wasomi huchambulia Maandiko. Doyle alipoisoma hakununa. Alimwandikia barua kumwambia kwamba imemfurahisha na kumshangaza, kwamba yeye Knox anazijua hadithi hizo kuliko aliyeziandika, maana aliziandika bila kurudi nyuma kuangalia alichosema mwanzo. Baadaye akaja Dorothy Sayers, naye mwandishi wa riwaya za upelelezi, akalibeba lile suala la James. Akasema, jamani, jina kamili la daktari ni John H. Watson, na ile H mwandishi hakuwahi kutuambia ni ya nini. Basi itakuwa ni Hamish. Na Hamish ni jina la Kiskoti ambalo kwa Kiingereza ndiyo James. Kwa hiyo mke hakuwa na mtu wa pembeni. Alikuwa anamwita mumewe kwa lile jina la katikati, jina lao la chumbani.

Ndoa imepona.

Utasema, sasa mwanamke mzima anakaa chini kutetea ndoa ya watu ambao hawajawahi kuwepo duniani? Ndiyo. Na ndio watu ninaotaka tuwazungumzie mwezi huu: hawa wanaoidaka hadithi pale inapojisahau. Ni watu wa namna gani, na ukiwa na mmoja wao nyumbani kwako, unaishi naye vipi?

ILIPOISHIA...

Huhitaji kwenda London kuwapata. Kama miaka ya 2000 ulikuwa unajua kusoma, unayakumbuka magazeti ya Global Publishers, Uwazi, Ijumaa, Risasi na ndugu zao, na hadithi za Eric Shigongo zilizokuwa zikitoka kipande kwa kipande, huyu huyu ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa Buchosa. Juu kabisa pameandikwa "Ilipoishia". Chini yake "Sasa endelea". Na mwishoni, pale mtu ameshika kitasa cha mlango na wewe moyo uko kooni, unakuta "Usikose toleo lijalo". Gazeti moja lilizunguka ofisi nzima, kuanzia mapokezi mpaka kwa mhasibu, likarudi limelegea kama kitambaa. Mikoani lilikuja na basi, limeshachelewa, na kwa vile lilichelewa lilisomwa mpaka matangazo ya vifo.

Sasa angalia mizani ilivyo. Mwandishi ana sehemu ya 23 mezani, mhariri anamsubiri mlangoni, ya 22 iko mtamboni, na ya 7 hata hakumbuki aliitupa wapi. Msomaji yeye ya 7 anayo. Ameikata kwa wembe na kuiweka kwenye faili pamoja na risiti za umeme. Tena ana siku saba nzima za kuifikiria. Ataisoma, atamsimulia asiyenunua gazeti, atabishana nayo kwenye daladala, atalala nayo. Mwandishi ameiandika mara moja tu, tena usiku, tena na deni la kodi kichwani. Ndiyo maana kosa likimpita mwandishi, likampita mhariri, likampita na mchapaji, litadakwa na dada wa saluni.

Makosa yenyewe unayajua. Shangazi aliyekufa sehemu ya 4 anapika pilau sehemu ya 19. Gari ya bluu inageuka nyekundu bila kupitia kwa fundi. Bastola yenye risasi 6 inafyatua 9. Na mimba, mpenzi msomaji! Mimba ndiyo inayowaponza wengi. Waandishi wanaume, mnisamehe, lakini mnampa binti wa watu ujauzito mwezi wa masika, mnaondoka kwenda kufukuzana na majambazi mpaka mvua nyingine za masika zinanyesha, mkirudi kwake bado anatapika asubuhi.

Si kila kosa lina uzito uleule, na hapa ndipo wadakaji wengi wanapojichanganya. Kwenye katuni za Sani, Madenge alibaki mtoto mtundu miaka nenda rudi na hakuna aliyedai cheti chake cha kuzaliwa, kwa sababu hayo ndiyo makubaliano: tumekuja kucheka. Charles Dickens mwenyewe, alipokuwa anatoa Pickwick kwa sehemu za kila mwezi kati ya 1836 na 1837, alimfanya mropokaji mmoja wa mwaka 1827 asimulie mapinduzi ya Paris ya mwaka 1830. Alipogundua, hakuifuta. Kwenye toleo la baadaye aliweka maelezo chini ya ukurasa kwamba jamaa huyo alikuwa na kipaji cha ajabu cha kuona mbele. Wasomaji wakacheka, ikaisha. Lakini hadithi ikitaka nilie, ikitaka nimwogope muuaji, basi shangazi aliyekufa na abaki amekufa. Nilimlilia yule.

Kuna kundi jingine la wasomaji ambao toleo lijalo likichelewa wanaliandika wenyewe. Wanamchukua mpelelezi wanayempenda, wanampa kesi mpya, wanawatumia rafiki zao sehemu moja moja kwenye simu. Tusiwacheke. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum wa kumsikiliza na kushangaa, na wahakiki wamemfananisha siku zote na Holmes na Watson wake. Riwaya ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Mapenzi ya mtu kwa hadithi ya mwenzake yamezaa fasihi yetu ya upelelezi, si mchezo.

Tatizo ni kwamba anayemwendeleza mhusika wa mtu mwingine anasomwa na mahakimu wakali kuliko wote. Wote walimjua mhusika kabla yake. Mchukue Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa, umsahaulishe Nuru kwa kurasa mbili tu, uone simu zitakavyokulilia.

NENDA MPAKANI

Kama unataka kukutana na msomaji asiyedanganyika, panda basi la Ngara.

Sisemi hivyo kuwapaka mafuta watu wa Kagera. Ni mazingira. Barabara inayotoka Kahama inakuja Nyakanazi, inakwenda Lusahunga, Nyakahura, Benaco, ndipo inashuka Rusumo. Huo ndio mpangilio, na kila kondakta anauimba. Mwandishi wa Dar anayempitisha shujaa wake Benaco kwanza kisha Nyakanazi wakati anaelekea Rwanda, ameshapoteza Ngara na Biharamulo kwa mkupuo mmoja.

Halafu kuna saa. Rwanda na Burundi saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Unavuka daraja la Rusumo saa nne kamili, upande wa pili unakuta ni saa tatu. Na gari lako lililokuwa linakaa kushoto mwa barabara sasa linatakiwa kulia. Ni mambo madogo ambayo mtu wa mpakani anaishi nayo kama chumvi. Akisoma shujaa amevuka akaendelea kuendesha kushoto kwa mbwembwe zote, yeye haoni mapenzi wala upelelezi tena, anaona ajali.

Miaka nayo ina mitego yake. Mhusika aliyezaliwa Chato mwaka 1980 alizaliwa wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Kagera, kwa sababu mkoa wa Geita ulikuja kuanzishwa 2012. Na akizaliwa 1975, basi hata Kagera haikuwa inaitwa Kagera, ilikuwa Ziwa Magharibi. Jina lilibadilishwa 1979. Mchumba aliyeko Biharamulo mwaka 2003 hawezi kutumiwa hela kwa M-Pesa, maana Tanzania huduma hiyo ilifika 2008. Mwaka 2003 hela zilitumwa kwa basi, ndani ya bahasha, na dereva akaapishwa.

Yapo makosa mengine ambayo huko hayachekeshi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi, na Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, pakageuka mji wa maturubai usiku kwa usiku. Watu walioona hilo kwa macho wapo. Wengine walikuwa wenyeji walioamka na kukuta mashamba yamejaa watu, wengine ndio waliovuka. Ukiandika hadithi ya mapenzi iliyoanzia kambini, na wengi wamejaribu, halafu ukawavusha wapenzi wako Rusumo kwa mtumbwi wa kukodi kana kwamba hakuna daraja, na hukutupa hata sentensi ya sababu, msomaji wa aina hiyo atakwambia. Atakwambia kwa sauti ya chini. Anakuuliza, kwa njia yake, kama ulijisumbua kujua.

Ni watu waliozoea kusikiliza pande zote mbili pia. Kihangaza na Kirundi si majirani tu, ni ndugu wa tumbo moja, na Kinyarwanda hakiko mbali. Redio hazijui mpaka. Rwanda walikuwa na Urunana, mchezo wa redio ulioanza 1999 kwenye matangazo ya BBC ya Maziwa Makuu, ukifuata mfano wa The Archers, mchezo wa redio wa Uingereza unaosikika tangu 1951. Hao The Archers waliona mbali: waliweka mtunza kumbukumbu wa kuandika nani alizaliwa lini, nani alimuoa nani, ng'ombe wa nani alikufa mwaka gani. Waliwajua wasikilizaji wao.

Na sisi tulikuwa na Mkwaju wetu. Unamkumbuka? Twende na Wakati, Radio Tanzania, kuanzia 1993. Dereva wa lori mwenye mke mvumilivu, Tunu, na mwanamke kila kituo. Mchezo ulikusudiwa kufundisha habari za ukimwi na uzazi wa mpango, lakini jina lake lilitoka redioni likaingia mtaani, mwanaume muhuni akawa anaitwa Mkwaju. Kwenye vituo vya maroli vya Lusahunga na Benaco, Mkwaju alikuwa na sura, tena zaidi ya moja. Mhusika akishafika hapo, mwandishi hana tena ruhusa ya kumsahau. Watu wanamshikia kumbukumbu zake kama za shemeji.

SHABIKI ALIYEIBA, NA PUNDA ALIYEPOTEA

Sasa nikupe kisa ninachokipenda kuliko vyote, kutoka Hispania.

Mwaka 1605, Miguel de Cervantes alitoa sehemu ya kwanza ya Don Quixote. Kitabu kikawaka moto. Ila kulikuwa na punda. Sancho Panza, mtumishi wa Don Quixote, punda wake anatoweka katikati ya safari bila maelezo, na baadaye, bila maelezo vilevile, yupo. Wasomaji wakauliza. Toleo la pili likatoka mwaka uleule likiwa na vipande vilivyochomekwa kueleza jinsi punda alivyoibwa na alivyopatikana, lakini vilichomekwa vibaya, kwa hiyo kuna kurasa ambazo punda ameshaibwa na Sancho bado amempanda. Kiraka kibaya kuliko tundu!

Miaka ikapita, Cervantes bado anaandika sehemu ya pili. Mwaka 1614 mtu aliyejiita Avellaneda, jina la kubuni, akachoka kusubiri, au akaona pesa, akatoa mwendelezo wake mwenyewe. Shabiki, mwizi, mshindani, chagua mwenyewe.

Cervantes alijibu mwaka uliofuata, na alivyojibu ndiko kunakonifanya nimpende. Kwenye sehemu yake ya pili, ya 1615, wahusika wenyewe wamekisoma kitabu cha kwanza. Msomi mmoja kijana anamjia Sancho na malalamiko ya wasomaji: punda aliibwa na nani, mbona unaonekana umempanda kabla hajarudi, na zile sarafu mia za dhahabu ulizookota mlimani ziliishia wapi? Sancho anaeleza wizi ulivyokuwa. Kuhusu kumpanda punda asiyekuwepo anasema hajui, ama mwandishi alikosea ama ni uzembe wa mchapaji. Na zile sarafu? Alizitumia kwa ajili yake mwenyewe, mkewe na watoto, na ndiyo sababu mkewe alimvumilia kuzurura kote kule. Angerudi nyumbani mikono mitupu na bila punda, angekiona.

Huo ndio ufundi wa kujibu. Hakumtukana aliyeuliza, hakujifanya hakusikia, na hakupiga magoti.

Kisha, mbele zaidi, Don Quixote yuko nyumba ya wageni, anasikia kile kitabu cha Avellaneda kinasomwa chumba cha jirani. Anakifungua, na moja ya makosa anayoyadaka kwa hasira ni kwamba mke wa Sancho ameitwa Mari Gutiérrez wakati jina lake ni Teresa Panza. Anasema aliyekosea jina la mke wa mtumishi, mengine yote ataaminiwaje? Hoja nzuri sana. Kasoro yake ni kwamba Cervantes mwenyewe, kwenye sehemu ya kwanza, alimwita mwanamke huyohuyo Juana Gutiérrez, na mistari michache mbele akamwita Mari Gutiérrez. Nyani haoni kundule. Don Quixote lakini hakuishia kulalamika. Avellaneda alikuwa amempeleka Zaragoza, basi akageuza safari akaenda Barcelona, ili dunia nzima ijue ile ya kwanza ni uongo.

NYUMBANI KWAKO SASA

Nimezunguka sana, lakini nilikuwa nakuja hapa. Katika nyumba nyingi za vijana wa leo, mdakaji yupo. Mnaangalia tamthilia baada ya kazi, sahani ziko mapajani, na mmoja wenu anasema, "Subiri, hereni hizo hakuwa nazo alipoingia." Mwingine anavuta pumzi. Ukitaka kuujua uhusiano, usiangalie hereni. Angalia ile pumzi.

Kuna mdakaji anayedaka kwa sababu yumo ndani ya hadithi kwa miguu yote miwili, hataki ivunjike. Huyu akiona James anamtafuta Hamish. Na kuna mdakaji anayedaka ili ahesabiwe kuwa ni mwerevu. Huyu akiona James anaita majirani. Wa kwanza ni raha kuishi naye hata kama anaongea katikati ya filamu. Wa pili, mpenzi msomaji, anachosha, kwa sababu hataishia kwenye filamu. Atakudaka na wewe. "Jumanne ulisema mlikuwa watu watano kwenye kikao, leo unasema sita." Njia ya mwongo ni fupi, sikatai, na kama mwenzako jana alisema alilala Kahama na leo anasema alilala Nyakanazi, una haki ya kuuliza alilala wapi. Lakini mtu anayesimulia siku yake akiwa amechoka hajaweka kumbukumbu kwa mahakama. Kuna hadithi inayojisahau kwa sababu msimuliaji anaficha kitu, na kuna inayojisahau kwa sababu msimuliaji ni binadamu. Kipimo changu ni rahisi: kosa linamnufaisha nani? Watu watano kugeuka sita hakumfaidishi mtu. Kahama kugeuka Nyakanazi, hapo kaa naye mzungumze.

Hali inakuwa ngumu zaidi pale mwenzako ndiye mwandishi. Na waandishi wako wengi kuliko unavyodhani, wanaandika usiku kwenye simu, taa imezimwa, hawajamwambia mtu. Tuseme uko Ngara mjini. Wewe uko halmashauri, mkeo ni mwalimu, na kwa miezi mitatu amekuwa akiwaandikia walimu wenzake mwendelezo wa mpelelezi wanayempenda wote. Leo, kwa mara ya kwanza, anakupa wewe usome kabla yao. Sehemu ya 14. Anajifanya anaosha vyombo, lakini bomba halisikiki.

Unasoma. Ni nzuri. Mshukiwa anaondoka Rusumo saa tatu kamili asubuhi, gari linapanda upande wa Rwanda, na shahidi anamuona akishuka Kirehe saa mbili na nusu.

Umeliona. Mtu yeyote wa mpakani angeliona, saa ya mlima upande ule si saa ya kwetu, na shahidi wa Kirehe anasoma saa ya Rwanda wakati aliyemuona akiondoka Rusumo alisoma saa ya Tanzania. Hesabu ni sahihi kabisa, nusu saa ya safari, ila hakuna popote alipoieleza, kwa hiyo kwa msomaji wa Morogoro mshukiwa amefika kabla hajaondoka. Na ukigeuka kwenye sehemu ya 9 unakuta alikwishamvusha mtu mwingine bila kugusa saa.

Sasa una sekunde chache. Unaweza kucheka. Wanaume wengi wangecheka, si kwa ubaya, na kesho yake kusingekuwa na sehemu ya 15, wala asingekueleza kwa nini ameacha. Unaweza kusema "nzuri" na kumrudishia simu, ambavyo ni vibaya zaidi, kwa sababu walimu watamwambia na atajua ulisoma bila kusoma.

Au unaweza kwenda jikoni, ukashika kitambaa, ukaanza kukausha sahani, ukamuuliza: "Mama nanihii, huyu jamaa wako, polisi wa upande wetu wanajua kwamba shahidi alikuwa anatumia saa ya Rwanda?"

Anageuka, mikono ina povu.

"Hawajui," anasema, polepole. "Hawajui! Kwa hiyo wanamwachia. Karatasi inaonyesha hakuwepo."

"Na yule wa sehemu ya 9?"

"Yule..." Anafikiri. "Yule saa yake ilikuwa imekufa. Ngoja, leta hiyo simu."